Oto ya zamani ikianza vituko: pima hivi kabla hujauziwa giaboksi nyingine

Mwaka juzi nililipa 45,000 kwa giaboksi ya mtumba ya Japani ya hii NZE yangu, Corolla ya oto (inayobadilisha gia yenyewe), ukiongeza kufungwa na oili nikapita 60,000, alafu siku ya tatu asubuhi natoka Mtwapa nakuja mjini gari ikafanya kile kile ilichokuwa inafanya. Niko 80, mshale wa rev (mizunguko ya injini) uko karibu 3,000, gia ya nne haitaki, injini inalia kama mashine ya posho. Nilicheka peke yangu ndani ya gari, kicheko cha uchungu. Ilikuwa nini ntawaambia tukifika hapo, lakini kwa giaboksi haikuwa, na kitu kilichoponya gari chaingia kwa kiganja.

Shida yetu ni moja, fundi akishataja tu neno giaboksi mtu anaacha kuuliza maswali anaanza kuuliza bei. Na gari zetu ni za zamani kweli, sheria inaruhusu iingie nchini ikiwa haijapita miaka 8, kwa hivo nyingi zikishuka hapa bandarini zishazeeka kidogo, ongeza miaka kumi na kitu ya joto la Mombasa na jam ya Buxton na hewa ya chumvi, lazima kitu kitalia. Ila kinacholia mara nyingi ni cha nje, cha bei rahisi. Kwa hivo tunapima kutoka nje kwenda ndani, cha bure kwanza, cha pesa baadaye. Mimi si fundi wa kusomea, ni mwenye gari aliyelia akajifunza. Nachoandika hapa ni cha oto za kawaida za gia nne, hizi Toyota 110, NZE, Premio za mwanzo na ndugu zao. Kama yako ni CVT (oto ya mkanda isiyo na gia za hatua) mambo mengi ni tofauti, na tafadhali usiitie ATF (oili ya gia za oto) ya kawaida, ina oili yake.

Kabla ya kushika spana, shika kalamu

Siku mbili tatu endesha kama kawaida na uandike kwa simu. Inafanya ikiwa baridi au ikishapata moto? Gia gani inapokataa? D (mbele) tu au hata R (nyuma)? Inashtuka, inateleza yaani rev inapanda gari haiendi, inachelewa kuingia, ama inatetemeka? Fundi mzuri ukimpa hayo majibu ushamfanyia nusu ya kazi, na fundi wa kubahatisha ukimpa hayo majibu anaanza kukaa sawa.

Alafu angalia kifungo cha O/D (overdrive, kinachoruhusu gia ya nne) kwa lever. Usicheke. Kuna watu kibao kifungo kimeguswa na mtoto ama kijana wa kuosha gari, taa ya O/D OFF inawaka kwa dashibodi, gari haiingii gia ya nne, mtu ashaanza kuulizia giaboksi Changamwe.

Oili, na hapa usiharakishe

Kipimo cha oili ya gia ndio daktari wako wa kwanza na watu wengi wanakipima vibaya. Toyota inapimwa injini ikiwa inawaka. Endesha kwanza dakika ishirini hivi ipate moto, simama pahali tambarare, sitesheni ya petroli ni sawa, vuta handibreki, kanyaga breki, pitisha lever polepole kutoka P mpaka L, kila pahali subiri kidogo, rudisha P. Sasa bila kuzima chomoa kijiti, pangusa, rudisha mpaka ndani, chomoa tena usome upande wa HOT. Ukipima imezimwa utaona iko juu sana, utapunguza, na hapo umeanza ugonjwa ambao haukuwepo. Honda nyingi ni kinyume, unazima kwanza ndio unapima ndani ya dakika moja hivi, kwa hivo soma kitabu cha gari yako.

Ikiwa chini, pampu inanyonya hewa, presha inashuka, gia zinateleza hasa ukikata kona ama ukipanda mlima. Ikiwa juu kupita kiasi, vyuma vinavyozunguka vinaipiga mpaka inatoa povu, na povu halibebi presha, unarudi pale pale pa kuteleza. Ndio maana "niongeze kidogo tu kwa usalama" ni wazo baya.

Baada ya kipimo, pangusia kijiti kwa tishu nyeupe uende nayo kivulini. Nyekundu au waridi inayoonyesha, sawa. Kahawia kidogo bila harufu, imezeeka, inataka kubadilishwa. Nyeusi na inanuka kama chapati iliyosahauliwa kwa chuma, hizo ni klachi za ndani zishaungua, na kama kuna vipunje vyeusi vikisugua kwa vidole basi jiandae. Na ukiona rangi ya yogati ya stroberi, zima gari, usiiwashe tena hata kuisogeza kivulini, hayo ni maji.

Hayo maji yanatoka wapi? Oili ya gia inapoozwa ndani ya radieta, kuna kipaipu kinapita mle kwa tangi la radieta. Sasa huku kwetu mtu radieta ikipungua anachota maji ya kisima, na maji ya visima vya Mombasa mengi ni ya chumvi, mnayajua wenyewe, sabuni haitoi povu. Chumvi inakula kile kipaipu kidogo kidogo mpaka kinatoboka, maji na oili vinakutana. Klachi za ndani ni karatasi ngumu iliyogundishwa kwa chuma, maji yanabandua ile gundi. Fungua pia kifuniko cha radieta gari ikiwa imepoa kabisa, ukiona oili inaelea umethibitisha. Radieta mpya kwanza, alafu giaboksi kusafishwa mara kadhaa, na uombe Mungu ulishtuka mapema. Maji yanaweza pia kuingia kwa kipumulio cha giaboksi ukipita dimbwi kubwa, masika ya April na May hii hutokea sana, hapo radieta haina makosa.

Kuhusu ile hadithi ya "ukibadilisha oili ya gari ambayo haijawahi kubadilishwa giaboksi inakufa". Oili mpya haiui kitu. Kinachotokea ni mtu anangoja mpaka inateleza ndio anabadilisha, inakufa wiki ijayo, lawama inaenda kwa oili. Mimi naamini kumwaga na kujaza kwa kawaida, kwa hizi Toyota ndogo lita 3 hivi ndizo zinatoka, nyingine nyingi zinabaki kwa toki konvata (lile duara la oili linalounganisha injini na giaboksi), kwa hivo rudia mara tatu kila baada ya wiki mbili. Ile ya kusukuma kwa mashine kwa giaboksi ya zamani sitaki hata kuisikia. Na uitie ile iliyoandikwa kwa kijiti ama kitabu, kama ni T-IV ni T-IV, usikubali "zote ni nyekundu".

Lala chini uangalie

Usiku tandaza kartoni chini ya injini, asubuhi soma matone. Jekundu linaweza kuwa la gia ama la stearingi, Toyota nyingi za zamani zinatumia oili ya aina moja, kwa hivo angalia limedondoka upande gani. Pahali pa kukagua: gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), oil sili za shafti za magurudumu, paipu za kwenda radieta, na pale injini inapokutana na giaboksi. Hapo pa mwisho ndio pabaya, kubadilisha ile sili lazima giaboksi ishuke.

Vitu vinavyojifanya giaboksi

Mauntini (vishikio vya mpira vinavyobeba injini) ndio mwongo namba moja. Gari inagonga "du!" ukiweka R, inatetemeka umesimama kwa taa za Saba Saba ukiwa D, ukiweka N inatulia. Fungua boneti, mwambie mtu akanyage breki vizuri na handibreki iwe juu, abadilishe D, R, D, R, we simama pembeni usikae mbele ya gari. Injini ikiruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, mauntini zimekatika. Hii ni kazi ya saa chache na ishaokoa giaboksi nyingi ambazo hazikuwa na makosa.

Wa pili ni injini kukosa kuchoma silinda moja, plagi ama koili. Hiyo inafanya gari ishtuke ukikanyaga na kila mtu anasema ni gia. Kuna mtego mzuri wa kuwatenganisha. Tafuta barabara iliyonyooka haina watu, baipasi ya Dongo Kundu asubuhi ni nzuri, shika 70 mpaka 80 mguu umetulia. Ikianza ile mtetemo kama unapita kwa matuta madogo madogo, gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto, taa ya breki iwake tu, bila kuachia eksileta. Kugusa breki kunaiachisha klachi ya ndani ya toki konvata. Mtetemo ukikatika papo hapo ukarudi ukiachia breki, ni konvata, na mara nyingine oili mpya sahihi inaitosha. Ukiendelea kama hakuna kilichotokea, rudi kwa plagi na koili. Hakikisha tu hakuna matatu nyuma yako, wale hawasubiri uchunguzi wa mtu.

Wa tatu ndio aliyenila mimi. Nilipelekwa na rafiki kwa mzee mmoja Bondeni, fundi wa siku nyingi, amekaa kwa kigoda anakunywa kahawa. Nikamwambia shkamoo mzee, gari haiingii ya nne, na giaboksi nshabadilisha. Hakuangalia gari hata.

"Mchana kwa jam ya Nyali inaingia?"

Nikafikiria. Kweli, mchana ikiwa moto mara nyingi ilikuwa inaingia, asubuhi na usiku ndio inakataa, na siku ya mvua ndio kabisa.

"Basi, mwanangu, hiyo si gia. Njoo shika hapa."

Akafungua boneti akanishikisha paipu ya juu ya radieta. Nimetoka Mtwapa mbio mpaka mjini, nilitarajia kuungua. Ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani. Akauliza, "Thamostati iko?" Haikuwepo. Kuna gereji iliitoa kitambo gari ilipochemsha, wakaniambia Mombasa ni joto haina kazi. Sasa bila thamostati maji yanazunguka kwa radieta saa zote, ukienda mbio na upepo injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani gari bado ni baridi, na ikidhani hivo inazuia gia ya nne, na inazuia klachi ya konvata isishike, ili injini ipate moto haraka. Yaani giaboksi ilikuwa inatii amri. Mashine yake ya kusoma ilionyesha maji yako digrii 50 na kitu. Tukafunga thamostati mpya, kutoka siku hiyo 80 mshale uko karibu 2,000. Kwa hivo kabla ya yote angalia injini yako inafika joto la kawaida na kukaa hapo, na sensa ya joto la maji iwe nzima.

Umeme na taa

Chumvi ya bahari haikuli mabati ya nyumba peke yake. Angalia vichwa vya betri na waya wa athi unaoenda kwa giaboksi, ukiona ule unga wa kijani na mweupe, fungua, piga msasa, funga. Umeme ukiwa hafifu gia zinabadilika ovyo. Kisha kuna swichi ya kando ya giaboksi inayoiambia kompyuta lever iko wapi. Ikichoka utaona gari haiwaki kwa P inawaka kwa N, ama umeweka D taa ya dashibodi inaonyesha kingine au hakuna.

Taa ya O/D OFF ikianza kumetameta yenyewe ukiendesha, kompyuta imeona kosa na imeliandika. Kidude cha bluetooth cha bei rahisi kinaweza kusoma ila gari nyingi za Japani za miaka hiyo hazielewani nacho. Njia ya kizamani ni kuunganisha kwa kipande cha waya tundu za TE1 na E1 kwa kile kiboksi cha chini ya boneti, ama zenye soketi ya tundu 16 ni namba 4 na 13, funguo ON bila kuwasha, O/D iwe haijazimwa, uhesabu mmeto. Sita, kituo, mbili ni 62. Kwa Toyota nyingi za wakati huo 42 na 61 ni sensa za spidi, 62 na 63 ni solenoidi (valvu ndogo za umeme) za kubadilisha gia, 64 ni ya kufunga klachi ya konvata. Hesabu tundu mara mbili kabla ya kutia waya, ukikosea unaweza kuchoma kitu. Kwa mashine za kisasa utaona P0750 ama P0755 kwa solenoidi, P0500 kwa spidi, P0741 kwa konvata.

Namba ikisema solenoidi haimaanishi solenoidi imekufa, inaweza kuwa waya. Pima kwa mita, solenoidi za kubadilisha gia za Toyota hizi zinasoma ohm 11 mpaka 15 zikiwa baridi. Ukipata hiyo, fuata waya na soketi kwanza.

Wenye 110 za kebo, kuna waya mwembamba kutoka kwa throto kwenda giaboksi. Mtu akanyage eksileta mpaka chini, we uangalie kile kipete kwenye waya na mwisho wa mpira wake, nafasi iwe kati ya 0 na milimita 1. Ikilegea gia zinapanda mapema na kuteleza, ikikazwa sana zinachelewa na kushtua. Watu hufungua injini wakarudisha vibaya alafu giaboksi inahukumiwa.

Sasa giaboksi yenyewe

Ikiwa mpaka hapa kila kitu ni kizima, fanya kipimo cha muda. Gari moto, breki na handibreki, injini inanguruma chini, toa N weka D na saa ya simu mkononi, mpaka usikie imeshika. Isipite sekunde 1.2. N kwenda R isipite 1.5. Acha dakika moja katikati, rudia mara tatu. Ikichelewa kote, presha iko chini, yaani pampu ama filta imeziba ama valvu bodi (inayogawa presha ya oili). Ikichelewa upande mmoja, klachi ama sili za upande ule.

Kuna kipimo kingine cha kukanyaga breki na eksileta mpaka mwisho ndani ya D, usome rev inasimama wapi. Kisipite sekunde 5, magurudumu yazuiwe kwa mawe, mtu asisimame mbele wala nyuma. Mimi sikipendi kwa giaboksi ambayo tayari inalia, kinaweza kuimalizia. Fundi akitaka kukifanya mwambie akiimaliza atalipa.

Afadhali haya, kwa hizi za kebo za 110. D haiendi lakini ukiweka L inaenda: klachi ya kuzunguka upande mmoja imeachia. D na L zote hazishiki lakini R iko: klachi ya mbele. R imekataa na mbele ni sawa: ingiza L utembee polepole alafu achia eksileta, injini ikivuta gari kama breki basi ile breki ya ndani ya R na L ni nzima na shida ni klachi inayofanya R na gia ya tatu, na utaona tatu nayo inateleza. Ikiwa L haivuti, ni hiyo breki ya ndani. Mfumo wa NZE ni tofauti kidogo kwa R, usinakili kichwa kichwa.

Mwisho teremsha sampu. Kuna sumaku mle ndani. Matope ya kijivu laini kama poda ya uso juu ya sumaku ni umri tu, kila giaboksi inayo. Vipande vinavyong'aa unavyoweza kuokota, ama vumbi la rangi ya shaba, ama tabaka la unga mweusi wa klachi, hapo ndio neno giaboksi linaruhusiwa kutamkwa.

Na likitamkwa, kubadilisha na ya mtumba ni kawaida huku kwetu, kufungua na kutia klachi mpya kunataka fundi unayemjua. Ya mtumba soma namba yake ilingane na yako, chomoa kijiti uinuse kabla hujalipa, omba muda wa kuijaribu kwa maandishi. Paipu za radieta zisafishwe, takataka za giaboksi ya zamani zimekaa mle zinasubiri mgeni. Siku ya kufunga kaa pale pale. Giaboksi inatakiwa ikutane na injini kwa kusukumwa na mikono mpaka ikae, ndio bolti zikazwe. Ukiona wanaivuta kwa bolti na spana ndio ifike, sema simama hapo hapo, konvata haijaingia yote kwa pampu, wakiendelea kukaza pampu inavunjika kabla gari haijawaka.